Taabu ya Kujitakia

Wazee husema kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Neno hili limewaonya watu wengi, na hapana shaka limewaokoa wengine. Lakini, msomaji, ukilitazama vema utaona kwamba halikusema lolote juu ya taabu ya kujitakia, ambayo si msiba. Duniani wako watu ambao, penye njia mbili zifikazo mahali pamoja, huiacha iliyo nyepesi wakaishika iliyo nzito kwa hiari yao. Je, watu hao ni wapumbavu, ni wenye majivuno, au wana jambo walijualo ambalo sisi hatulijui? Nataka tulipime swali hili kwa kitu cha siku hizi, nacho ni kompyuta ipozwayo kwa maji.

Kila kompyuta hutoa joto. Prosesa, ambayo ni ubongo wa mashine, na kadi itengenezayo picha, huweza kutoa pamoja joto la wati 400 au zaidi zinapofanya kazi nzito. Joto hilo lisipoondolewa, mashine hupunguza mwendo wake au hujizima. Desturi ni kuliondoa kwa feni. Sasa mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Kwa hiyo feni ya hapa husukuma hewa haba kwa mizunguko ile ile. Maji ni mchukuzi hodari zaidi. Kilo moja ya maji huchukua joto mara nne ya lile lichukuliwalo na kilo moja ya hewa kwa kupanda digrii sawa. Pampu ndogo huyazungusha, yakapita katika kipande cha shaba kilichobanwa juu ya prosesa, yakaenda kwenye rejeta iliyo mfano wa ile ya gari, yakatua mzigo wake huko na kurudi. Ila sharti tuseme kweli yote: rejeta nayo hupulizwa na feni. Joto haliuawi, huhamishwa tu, na mwishowe hukabidhiwa hewa ile ile nyepesi, lakini katika uwanja mpana zaidi.

Mpaka hapa hapana swali la wema wala ubaya, ni hesabu. Swali huzaliwa penye mabomba. Maji hayo yaweza kupitishwa katika mpira laini, ukatwao kwa kisu na kuvutwa upendako, nayo ni kazi ya saa chache. Yaweza pia kupitishwa katika bomba gumu la plastiki angavu, nayo ni kazi ya siku nyingi. Ubaridi ni ule ule.

Bomba gumu halisamehe. Hupimwa, huingizwa kamba ya silikoni ndani ili lisibonyee, kisha huzungushwa polepole mbele ya mashine ipulizayo hewa ya moto. Kuna aina ianzayo kulegea kwenye digrii 80 hivi. Likipindwa mapema hukunjamana. Likicheleweshwa hufanya mapovu, na povu likishaingia halitoki. Ukikosea milimita tatu, kipande hicho kimekwisha faida yake, chukua kingine. Kila ncha husuguliwa kwa msasa, maana ncha kali huijeruhi pete ya mpira iliyomo katika kiungio, na pete iliyojeruhiwa huvuja. Hata maji huchaguliwa. Maji ya bomba au ya kisima huacha ukoko mweupe, kama ule uuonao ndani ya birika. Hivyo hutiwa yaliyokenekwa, yale yauzwayo kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari. Tena shaba na alumini hazikai pamoja katika maji hayo, kwa kuwa moja huila nyingine.

Ukienda Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa kufua umeme kwa mvuke wa ardhini ulianza kazi mwaka 1981, utaona mabomba makubwa yakienda moja kwa moja nyikani, kisha ghafla yakapiga kona mfano wa kizingiti cha mlango, na kuendelea na safari. Mgeni hudhani ni pambo. Sivyo: chuma kikipata moto hurefuka, na bila ya kona hizo bomba lingejivunja lenyewe. Pale kona ni lazima. Katika kompyuta ya bomba gumu kona ni hiari, na kwa hiyo yahitaji kujitetea.

Namfahamu kijana mmoja wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, mchoraji wa ramani za nyumba, aliyeazimia kujenga mashine ya namna hiyo. Mama yake alimwuliza, “Mwanangu, feni ilikukosea nini?”

“Haikunikosea kitu, mama.”

“Basi fedha hizo zingetununulia tangi.”

Katika mji uliozoea kungojea maji kwa zamu, swali hilo lina uzito kuliko maswali mengi ya wenye elimu. Sehemu moja ya jibu ni nyepesi: mashine hunywa lita moja tu, na lita hiyo huzunguka miezi mingi. Sehemu ya fedha si nyepesi.

Wako watakaosema upesi kwamba kijana alikuwa na majivuno. Mimi siamini. Mwenye majivuno hununua mashine iliyokwisha kutengenezwa, yenye taa za rangi saba, akaiweka sebuleni jioni ile ile. (Najua pia wapindao mabomba ambao hawaishi kuyapiga picha, lakini tuwaache.) Aipendaye kazi ngumu hutafuta kitu kisichokubali kubembelezwa. Watu waweza kutusifu bila ya kustahili, na rafiki aweza kunyamazia kosa letu, bomba haliwezi. Kwa kijana ambaye shuleni alizoea kupewa alama na mtu mwingine, kuna uhuru mkubwa katika kupewa alama na kitu.

Hata hivyo nakuomba, msomaji, uwe na hadhari hapa, kwa maana hoja hii hupotoshwa kila siku. Taabu humkuza aliyeichagua. Hatuna ruhusa ya kumchagulia mwingine taabu, kisha tukamwambia kwamba itamkuza. Mtoto atembeaye kilomita nane kwenda shule bila ya viatu huambiwa na walioshiba kwamba atakuwa shupavu. Hakuchagua. Maneno ni yale yale, lakini moja ni heshima na jingine ni ukatili uliovikwa nguo ya heshima.

Kwa kipimo hicho mama alikuwa na haki. Kama kijana angenunua mabomba kwanza, angekuwa amejichagulia kazi ya kupinda, na wakati huo huo amemchagulia mama yake kazi ya kubeba madumu. Kupenda kwake hakukuwa kosa. Kosa lingekuwa katika kutangulia. Tangi lilinunuliwa. Mashine ilingoja miezi minane.

Ilipokwisha kuungwa, aliwasha pampu peke yake, bila ya umeme kufika penginepo, akatandika karatasi nyeupe chini ya kila kiungio ili ikae hivyo usiku na mchana, saa 24. Jioni rafiki zake walikuja wakitaka kuiona ikiwaka. Aliwakatalia, nao wakaenda zao wakinung'unika. Usiku wa manane karatasi moja ilikuwa na tone. Aliyamwaga maji, akafungua kiungio, akakuta ncha moja haikusuguliwa barabara. Alikata bomba jingine, akalipinda, akalisugua, akayarudisha maji, na akaanza kuhesabu saa upya.