Ufasaha na Wema: Dhamana ya Mwalimu wa Balagha

Balagha, yaani elimu ya kutumia lugha ili kumshawishi msikilizaji au msomaji, ni miongoni mwa masomo ya kale zaidi katika elimu ya Magharibi, na hadi leo idara nyingi za Kiingereza katika vyuo vikuu vya Marekani huifundisha sambamba na fasihi na uandishi wa insha. Pamoja na ukongwe huo, somo hili halijaepukana na swali moja la kimaadili: je, inafaa kumfundisha mtu kushawishi bila kumfundisha kuupenda ukweli, na akiutumia ujuzi huo kudanganya, mwalimu wake ana lawama?

Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilichambua swali hilo katika majadiliano yaitwayo Gorgias. Humo Gorgias, mwalimu maarufu wa balagha, anajivunia kwamba amewahi kufuatana na ndugu yake, aliyekuwa tabibu, hadi kwa wagonjwa waliokataa kunywa dawa au kupasuliwa, na kwamba tabibu aliposhindwa, yeye aliwashawishi kwa maneno peke yake. Anakiri kuwa ujuzi huo unaweza kutumiwa vibaya, ila anajitetea kwamba mwanandondi akimpiga baba yake mzazi, wa kulaumiwa ni mpigaji na wala si aliyemfundisha ngumi. Socrates, anayejadiliana naye, anamjibu kwa kuonyesha kuwa mnenaji asiyelijua jambo huwashawishi wale tu wasiolijua. Kwa hakika, usalama wa wagonjwa wale ulitokana na tabibu aliyeifahamu dawa, kwa maana bila yeye maneno yaleyale yangeweza kuwanywesha sumu.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, hakuitupa balagha. Alifundisha kwamba mtu anapaswa kuweza kujenga hoja za pande zote mbili, si kwa lengo la kuutetea uovu, bali ili auelewe undani wa jambo na aweze kumjibu anayepotosha. Quintilian, aliyefundisha Roma katika karne ya kwanza, alikwenda mbali zaidi akashikilia kuwa mtu mwovu hawezi kamwe kuwa mnenaji kamili. Naye Augustino, aliyeacha kazi ya kufundisha balagha mjini Milan mwaka 386, baadaye aliitetea taaluma hiyohiyo, akiona kuwa si haki watetezi wa ukweli wakose ufasaha ilhali uongo una wasemaji hodari.

Mjadala huo ulififia pale somo lilipobadilika katika vyuo vikuu vya kisasa. Chuo Kikuu cha Harvard kilimsimika John Quincy Adams, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kuwa profesa wa balagha mwaka 1806, wakati hotuba ilipokuwa bado kiini cha somo. Adams Sherman Hill, aliyekikalia kiti hichohicho baadaye, aliifafanua balagha katika kitabu chake cha mwaka 1878 kuwa ni sanaa ya kuwasiliana kwa ufanisi kwa njia ya lugha, na chini yake uandishi sahihi ukawa ndio msingi wa kozi ya mwaka wa kwanza. Usahihi una thamani yake, lakini ufanisi hauulizi maneno yanatumikia nini.

Hasara hiyo inaweza kufidiwa na fasihi. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Julius Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, Kaisari anapouawa rafiki yake Antony anaigeuza hasira ya umati kwa hotuba iliyopangwa kwa ustadi mkubwa, na mara tu baadaye umati huo unamvamia Cinna, mshairi asiye na hatia, kwa sababu ana jina sawa na la mmoja wa wauaji wa Kaisari. Mwanafunzi anayeichambua hotuba hiyo bila kufika kwenye kifo cha Cinna amejifunza mbinu tu, bila matokeo yake.

Dai la Quintilian ni zito mno, kwa sababu historia inawajua waovu wengi waliokuwa na ufasaha. Hata hivyo, utetezi wa Gorgias nao hautoshi, kwa kuwa namna ya kufundisha hujenga mazoea. Mwanafunzi akiandika kwamba wataalamu wote wanakubaliana, mwalimu akamtaka awataje, kisha akamtaka aieleze hoja ya mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali kuwa ni yake, hapo uadilifu umekuwa sehemu ya ujuzi wenyewe. Mwalimu hawezi kumdhamini mwanafunzi kwa maisha yake yote, lakini anawajibika kwa mazoea aliyompa, na chuo kinachofundisha kushawishi bila kudai uaminifu huo kimefundisha nusu ya somo.