Unafuu wa Kintinku ni wa nani?

Tuseme kijana anaandika programu za kompyuta akiwa Kintinku, pale kwenye reli ya kati, baina ya Dodoma na Manyoni. Mwenzake yuko Nairobi, kampuni ileile, kazi ileile. Wa Kintinku analipwa pungufu, na sababu anapewa: huko maisha ni nafuu. Ni haki?

Ukitazama kutoka San Francisco, Nairobi nayo ni Kintinku tu. Mwaka 2018 Leila Janah, mwanzilishi wa Samasource, aliiambia BBC kwamba vijana wake wa Nairobi, waliokuwa wakipata kama dola 9 kwa siku kwa kuchambua picha za kufundishia kompyuta, wakilipwa zaidi sana bei za nyumba na chakula zitavurugika. Hoja hii inanikera. Mbona haisikiki kwa wageni wanaolipwa dola na kupanga Masaki?

Halafu tuuangalie huo unafuu wenyewe. Chumba Kintinku ni rahisi, sibishi. Unga wa uwele upo, mlenda upo. Lakini bando halina bei ya kijijini, na laptop ukijumlisha nauli ya kuifuata Dodoma imeshazidi bei ya mjini. Unafuu unaobaki, sehemu kubwa watu wameulipia kwa jasho: mama kalima, shangazi analea mtoto bure, nyumba ni ya ukoo. Kampuni ikikata mshahara kwa hesabu hiyo, inavuna kwa shangazi ambaye hata haimjui.

Na tusidanganyane kwamba haiwezekani vingine. Kenya kima cha chini cha mshahara hutofautiana kati ya Nairobi na miji midogo; kwetu, mwalimu wa serikali wa Kintinku na wa Kinondoni, daraja moja, mshahara mmoja.

Pagumu ni hapa: bila hilo punguzo, nani angemtafuta kijana wa Kintinku? Pengine hakuna. Basi mwaka wa kwanza, kampuni haimjui, inabahatisha, akubali. Mwaka wa tatu ndiye anayepigiwa simu usiku mfumo ukigoma, na bado anaambiwa habari za bei ya uwele. Wateja wa kampuni, kwa upande wao, hawajapunguziwa ankara hata senti kwa kuwa programu yao imeandikwa Kintinku.