Vinono vya Siku Moja

Somo: Nehemia 8:1–12

Mkristo anayetafuta andiko la kumsaidia kula kwa kiasi hukimbilia kwa Danieli. Kijana yule aliyeikataa meza ya Nebukadreza, akaomba chakula cha mimea na maji kwa siku kumi, amekuwa mlezi wa kila mfungo wa Januari. Lakini tarehe 25 Desemba Danieli hasaidii sana. Meza aliyoikataa ilikuwa ya mfalme aliyemteka, si ya mama aliyemzaa. Tena hakuwa na ugomvi wa kudumu na nyama: katika sura ya 10, akiwa mtu mzima wa miaka mingi, anaeleza kwamba kwa majuma matatu ya maombolezo hakugusa chakula kizuri, wala nyama, wala divai. Majuma mengine, basi, alivigusa. Mwenye kisukari au presha anayepanda basi la kwenda Moshi wiki ya Krismasi anahitaji andiko ambalo ndani yake sherehe ni halali, nyama imenona, na waliowaruhusu watu kula ni watumishi wa Mungu wenyewe.

Andiko hilo lipo katika Nehemia 8.

Ni siku ya kwanza ya mwezi wa saba, Yerusalemu, katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo. Ukuta wa mji umekamilika kwa siku 52, na hata wiki haijapita tangu jiwe la mwisho liwekwe. Watu wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji. Ezra mwandishi amepanda jukwaa la mbao, watu sita wamesimama upande wake wa kuume na saba upande wa kushoto, naye anasoma torati tangu kunapambazuka mpaka adhuhuri. Walawi wanapita katikati ya watu wakifafanua. Kadiri maneno yanavyoeleweka, ndivyo watu wanavyoona walivyopotoka, na uwanja mzima unaangua kilio.

Kiongozi mwingine wa dini angeshukuru kwa machozi hayo na kutangaza mfungo palepale. Nehemia liwali, Ezra na Walawi wakafanya kinyume. Waliwanyamazisha watu, wakawaambia siku hiyo ni takatifu, hivyo waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee fungu lake yule ambaye hakuandaliwa kitu. Wasihuzunike, kwa sababu furaha ya Bwana ndiyo nguvu yao.

Anayejitahidi kupunguza uzito akisoma hapo anaweza kudhani amepewa kibali cha kula mpaka Januari. Kibali kipo kweli, ila kina tarehe. Siku ya pili yake, mstari wa 13 unasema, wakuu wa mbari, makuhani na Walawi walikuwa wamerudi kwa Ezra kuendelea kujifunza. Sikukuu ya Vibanda iliyofuata ilikuwa na siku zake saba na kusanyiko la siku ya nane, na tarehe 24 ya mwezi uleule watu hao hao walikusanyika wakiwa wamefunga, wamevaa magunia, na vumbi juu yao. Karamu, somo, karamu nyingine, kisha mfungo, vyote ndani ya mwezi mmoja, na kila kimoja kina mwanzo na mwisho unaojulikana. Hakuna tukio lililolimeza jingine.

Desemba ya leo haina mipaka hiyo. Uchagani ni mfano unaojulikana nchi nzima. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, nauli huwa gumzo, na vihamba vya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo hupokea watoto wake walioko mjini. Mbuzi huchinjwa. Mtori huchemka tangu alfajiri, machalari hufuata, nyama huchomwa, mbege ya ndizi mbivu na ulezi huzunguka kwa wanaokunywa, na soda hufunguliwa kreti baada ya kreti kwa walokole na watoto. Hakuna baya hapo. Nyumba iliyokaa kimya mwaka mzima inastahili kelele hizo. Ugumu upo kwenye kalenda. Tarehe 22 kuna ubatizo, 23 harusi, 25 Krismasi yenyewe, 26 kwa wakwe, 28 kumbukumbu ya babu, halafu Mwaka Mpya, na kila mwenyeji anaona siku yake ndiyo sikukuu. Kwa mgeni aliyekula kote, sikukuu imekuwa karibu wiki mbili.

Vipimo vinaonyesha kwamba hizo wiki hazipiti bure. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu wazima 195 kabla ya msimu wa sikukuu, wakati wake na baada yake. Wastani wa uzito walioongeza tangu katikati ya Novemba hadi mapema Januari haukufika hata nusu kilo: ulikuwa gramu 370 hivi. Wenyewe walidhani wameongeza zaidi sana. Kinachotisha ni kwamba kiasi hicho kidogo hakikutoka katika miezi iliyofuata, na mtu akijumlisha Desemba kumi anapata picha. Mwaka 2016 jarida hilohilo lilichapisha takwimu za mizani za watu wa Marekani, Ujerumani na Japani, na kila taifa lilipanda uzito kwenye sikukuu zake lenyewe: Wamarekani wakati wa Shukrani, Wajerumani wakati wa Pasaka, Wajapani katika mapumziko yao ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Krismasi iliwapandisha wote. Mungu hakuumba kabila la walafi. Kila watu wana mbuzi wao.

Kwa Tanzania suala hili limepita urembo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na asilimia 26 hivi wana shinikizo la juu la damu. Katika meza ya watu wazima wanne, basi, mmoja anaweza kuwa na presha, na mara nyingi hata yeye hajui.

Turudi kwenye fungu la asiyeandaliwa kitu, maana mahubiri mengi hulipita mbio kuiwahi ile furaha ya Bwana. Watu hao hawakuwa wa kufikirika. Sura tatu tu nyuma, katika Nehemia 5, wenyeji wa Yuda wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine wamewatia watoto wao utumwani kwa ajili ya madeni. Hao ndio waliosimama uwanjani tangu asubuhi wakisikia torati. Wakati wa kwenda kula ulipofika, wapo waliokuwa wakirudi kwenye nyumba isiyo na moshi. Nehemia mwenyewe alijua kushiriki chakula na wengine: mezani pake walikula Wayahudi na maofisa 150 mbali na wageni, na kwa siku moja walichinjiwa ng'ombe mmoja, kondoo wazuri sita na ndege kadhaa. Zaidi ya hayo, posho ya chakula aliyostahili kama liwali hakuidai, kwa kuwa watu walikuwa wameelemewa.

Hapa ndipo andiko linapougusa mpango wa kula kwa namna ambayo vitabu vya lishe havijaifikiria. Chakula cha sherehe kikitoka nyumbani siku ileile, kesho hakipo. Kinachowamaliza wengi si sahani ya Krismasi. Ni sufuria la pilau linalopashwa moto tarehe 26, likapashwa tena tarehe 27, na keki inayokatwa kila mtu anapopita jikoni. Desturi ya Kichaga inalielewa jambo hili tangu zamani: mnyama akichinjwa, nyama hugawiwa kwa kuangalia ukoo na heshima, na mafungu mengine hufungwa na kupelekwa kwa jamaa. Familia inayoamua kabla ya siku yenyewe kwamba robo ya mbuzi ni ya bibi mjane aliye ng'ambo ya mto imetii Nehemia 8:10, na wakati huohuo imeulinda moyo wa baba mwenye nyumba. Paulo alilikuta kanisa la Korintho limeshindwa hapo hapo: katika 1 Wakorintho 11 mmoja ana njaa na mwenzake amelewa, kwenye meza moja ya Bwana. Shibe iliyopita kiasi na njaa ya jirani ameziweka katika karipio moja.

Agizo la kutohuzunika nalo lina kazi Desemba. Mtu aliyejiwekea mpango mkali, akauvunja kwa soda mbili na chapati tatu, kwa kawaida haishii hapo. Hujisemea, "Nimeshaharibu, acha nimalizie tu, Januari nitaanza upya." Lawama ndiyo humrudisha kwenye sufuria. Walawi waliwanyamazisha watu waliokuwa na sababu ya kulia nzito kuliko chapati, na kesho yake wakuu wa watu hao walikuwa na nguvu ya kurudi kwenye kitabu. Aliyeteleza kwenye chakula cha mchana anaweza kula cha jioni vizuri, bila kujiadhibu kwa kulala njaa na bila kusubiri mwaka ubadilike. Wahubiri nao wangefanya vyema kuacha kupima imani ya muumini kwa kiuno chake. Dawa nyingine huongeza uzito, na magonjwa mengine hayaombi ruhusa kwa mlafi wala kwa mwenye kiasi.

Furaha ya sikukuu nayo inahitaji akili kidogo ya kawaida. Kujinyima kifungua kinywa ili kubakiza nafasi ya mchana ni hatari kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari: sukari inaweza kushuka ghafla, mtu akatokwa jasho, akatetemeka, akachanganyikiwa. Dawa zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, zisitupwe kwenye buti la basi linalochemka. Ndizi za kupika ni wanga, hivyo sahani yenye mtori, pilau na chapati imebeba wanga mara tatu hata kama haina sukari ya kuonekana. Nusu ya sahani ingekaa vizuri zaidi na mnafu, mchicha, kabichi au kachumbari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na nyama choma yenye rundo la chumvi pembeni humaliza kiasi hicho upesi. Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi za sukari, wakati shirika hilo linapendelea sukari ya kuongezwa isifike 25 kwa siku nzima. Na baada ya chakula, kutembea dakika 15 kwenda kumsalimia jirani husaidia kushusha sukari ya damu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, dakika hizo zina kazi maradufu. Mithali 25 inamwambia aliyepata asali ale ya kumtosha, asije akashiba kupita kiasi na kuitapika. Asali haikukatazwa.

Danieli anastahili kurudi mezani kwa jambo moja, nalo ni adabu yake. Hakuwahubiria wenzake waliokula chakula cha mfalme. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa matowashi. Huyo alipoogopa kichwa chake, akamgeukia msimamizi aliyekuwa karibu na sahani, akaomba ajaribiwe kwa muda mfupi, akakubali kuhukumiwa kwa matokeo. Mpwa anayeanza kumweleza shangazi habari za lehemu wakati shangazi ameshika upawa hana adabu hiyo, na hatasikilizwa. Angesema hivi, "Shangazi, shikamoo. Mtori wako ndio nilioufuata huku kote. Naomba unipimie bakuli dogo, na mboga unijazie; daktari amenibana kidogo mwaka huu." Shangazi ataguna, atauliza ni daktari gani huyo asiyejua ndizi, kisha atapima. Kinachomuumiza mpishi ni kukataliwa, si ukubwa wa bakuli.

Kuna jambo moja ambalo sura hii inalitaja bila kulieleza. Mstari wa 2 unasema uwanjani walikuwepo wanaume na wanawake na wote walioweza kuelewa, na kusoma kulichukua asubuhi nzima. Nani, basi, alikuwa jikoni? Andiko liko kimya, lakini wanawake walisimama mbele ya jukwaa mpaka adhuhuri kama wengine, kwa hiyo karamu ya siku ile haikuwaondoa kwenye Neno. Krismasi nyingi huwaondoa. Mama hufika kanisani amechelewa au hafiki kabisa, huonja kila sufuria tangu saa kumi na moja alfajiri, huketi wa mwisho, hula kilichobaki na kusukumizia soda, kisha Januari anaambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda kwa kuwa hajitunzi. Nyumba inayotaka kumtunza ingepunguza vyakula kutoka saba hadi vitatu, ingewapa vijana wa kiume kazi ya kumenya ndizi na kuosha masufuria jioni ya tarehe 24, na ingempakulia yeye kwanza.