Furaha ya Taifa Hulipwa na Nani?

Wasomaji wetu, kila mwaka siku ya 9 Desemba ikaribiapo, huzuka barazani neno lile lile. Wengine husema kwamba sikukuu ya Uhuru pasipo kishindo si sikukuu, na kwamba hata sisi watu wa Mzinga yafaa tuchange fedha tukanunue fashifashi mjini Morogoro. Wengine hujibu kwamba huko ni kuchoma fedha, hali paa la darasa linavuja. Neno hili si dogo, kwa kuwa ndani yake mna swali la haki. Nasi twapenda kulipima polepole.

Kwanza yatupasa kukijua kitu chenyewe. Asili ya fashifashi ni baruti, nayo baruti ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, uliovumbuliwa na Wachina zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Rangi zake hutoka katika madini yaliyotiwa ndani. Hata jikoni kwetu chumvi ikianguka motoni, ndimi za moto hugeuka manjano. Basi fashifashi ni moto uliopambwa: hupanda, hupasuka, na kabla mtu hajahesabu kumi umekwisha.

Kwa sababu hukwisha upesi, wako wasemao kwamba ni upotevu mtupu. Hoja hii twaiheshimu, lakini haitoshi. Chakula cha arusi nacho huliwa kikaisha siku moja. Na ngoma ikilia usiku kucha, asubuhi hakibaki kitu ila vumbi. Hata hivyo hatujamsikia mzee wa Uluguru akisema kwamba arusi na ngoma ni hasara. Watu waliofurahi pamoja hukumbukana siku ya msiba, na husaidiana siku ya kulima. Furaha ya pamoja ni riziki ya kijiji kama yalivyo mahindi. Basi kosa, likiwapo, haliko katika kuisha upesi. Hatuna budi kulitafuta mahali pengine.

Na tuitazame ngoma yenyewe. Huyu huleta unga, yule kuni, wa tatu kuku. Asiye na kitu huteka maji. Kisha wote huketi, hula na hucheza. Aliyelipa ndiye aliyealikwa, na asiyeweza kulipa hafukuzwi.

Sasa tuzitazame sherehe za serikali. Huko Zanzibar, katika mkesha wa sikukuu ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, fashifashi hurushwa saa sita ya usiku katika viwanja vya Maisara, mjini Unguja. Watu hujaa, watoto hubebwa mabegani, na hapana shaka furaha yao ni ya kweli. Lakini mkulima wa Micheweni, kaskazini ya Pemba, aliye ng'ambo ya bahari, naye amelipa. Kwa kuwa kila anunuaye sabuni hulipa kodi iliyomo ndani ya bei. Amelipa, wala hakuona kitu. Hata huku bara, gwaride na mizinga 21 ya Uhuru, zifanywapo sherehe, huwa katika uwanja wa mji mkubwa, naye mama wa Mgeta auzaye kabichi huzisikia redioni. Mtu aweza kusema kwamba kusikia nako ni kushiriki. Sisi twasema kwamba asikiaye harufu ya pilau ya jirani hajala.

Tena yako malipo mengine yasiyo ya fedha, nayo ni hofu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto, yote mawili katika Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, watoto wakapoteana na wazazi wao. Aliyekimbia siku zile, akishtuliwa leo na mshindo usiku, moyo wake hauulizi kwanza kama ni sikukuu. Nasi wa Mzinga, tulio jirani na shirika la jeshi litengenezalo silaha, twajua kwamba baruti ni baruti, hata ikifungwa katika karatasi ya rangi. Mtu wa namna hiyo huilipia furaha ya wenzake kwa usiku usio na usingizi, wala hakuna aliyemwuliza kama aridhia.

Je, dawa ni kuifuta sikukuu? Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliziondoa sherehe za 9 Desemba. Aliagiza kwamba siku hiyo watu wafanye usafi, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kimeenea. Na shilingi bilioni 4 za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliagiza shilingi milioni 960 zijenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Ni nani awezaye kumtazama mtoto asiyeona, aliyepata kitanda chini ya paa zima, akasema kwamba heri fedha ile ingaliruka angani? Sisi hatuwezi, ingawa twaona kwamba barabara ile nayo ilikuwa mbali na mama wa Mgeta.

Lakini taifa likifagia kila mwaka wala lisicheze hata mara moja, watoto watajuaje kwamba usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa gizani, na taa zilipowashwa ikaonekana bendera ya Tanganyika? Watayasoma kitabuni kama wasomavyo mito ya Ulaya. Jambo lisiloshangiliwa hufa katika mioyo kabla ya kufa katika vitabu.

Kwa hiyo hatuulizi kama moto ule ni ghali au ni rahisi. Twauliza: Aliyelipa, je, ameitwa? Ameambiwa kiasi alicholipa? Na jirani aliye dhaifu, je, amefikiriwa? Sherehe ikijibu vema maswali haya, hata ikigharimu, si upotevu. Isipojibu, hata ikiwa rahisi, ni karamu ya wachache kwa mfuko wa wengi.

Lugha yetu imeuita kwa neno moja mzinga wa nyuki na mzinga wa vita. Huu wa pili hunguruma na kuacha moshi. Katika ule wa kwanza kila mfanya kazi huleta chake, na wote hula. Tukichagua sikukuu, na ifanane na ule wa kwanza.

Basi vijana wetu wakitaka fashifashi, wasikatazwe kwa ukali. Wapate ruhusa kwa wenye mamlaka, mchango uwe wa hiari, na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Wagonjwa, wazee na wenye watoto wachanga waambiwe mapema saa na mahali. Na hesabu ikisha kusomwa, watu wakisema kwamba paa la darasa litangulie, na litangulie; ngoma tunazo, nazo hazinunuliwi mjini.