Si Yeye Tena?

Tangu binamu yangu aanguke na boda akaumia kichwa, watu mtaani husema, "Yule si yeye tena." Anatembea vizuri, anakula. Lakini husahau alichoambiwa asubuhi, na akikerwa kidogo tu anamfokea hata mamake. Jirani yetu aliyeumia uti wa mgongo hatembei, na hakuna anayemwambia, "Si uinuke tu!" Kiti chake cha magurudumu tunakiona. Jeraha la binamu hatulioni, basi tunamwita mkorofi.

Mwaka wa 1848, huko Vermont, Marekani, baruti ililipuka na kurusha chuma cha urefu wa zaidi ya mita moja. Kilipenya shavu la Phineas Gage, kikatokea juu ya kichwa. Alipona, lakini ubongo wa mbele, unaotusaidia kujizuia, ulikuwa umeharibika. Rafiki zake wakasema si Gage tena. Huyo "si Gage" baadaye alienda Chile, akaendesha magari ya abiria ya kuvutwa na farasi kwa miaka kadhaa. Hiyo kazi inataka utulivu.

Sisemi binamu asikosolewe. Machozi ya mamake ni ya kweli. Lakini "si yeye tena" inatufaa sisi zaidi: mtu ambaye hayupo, nani atamtembelea?

Jana nilienda kumwona. Aliniuliza swali moja mara nne. Nilijibu mara nne.