Kuacha si Kukata Tamaa

Hapa chuoni Kampala, mwanafunzi akiacha kozi tunasema kwa Kiingereza "give up", hata tukiwa katikati ya mazungumzo ya Kiswahili. Kitenzi hicho kimebebeshwa mizigo mingi mno. Mvutaji aliyeacha sigara, abiria aliyempisha mzee kiti, askari aliyesalimu amri, mgonjwa aliyekata tamaa ya kupona: wote hao Mwingereza huwaeleza kwa maneno hayohayo mawili. Kiswahili kinawatenganisha, nami naona kinawatendea haki. Kuacha ni tendo; kukata tamaa ni hali ya moyo. (Ajabu ni kwamba tamaa tunaikemea kila siku, lakini anayeikata tunamhurumia.)

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Anasifiwa hadi leo, na anastahili. Lakini katika mbio hizohizo Abebe Bikila, bingwa wa mwaka 1960 na 1964, alijitoa kabla ya nusu ya safari kwa sababu ya maumivu ya mguu. Je, tumwite mwoga? Mwaka 1969 alipata ajali ya gari iliyomwacha amepooza miguu. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza, kwenye kiti cha magurudumu, akishindana kulenga shabaha kwa mishale. Aliyekata tamaa hafanyi hivyo.

Mtu ataniuliza: huoni unawafungulia wavivu mlango? Kila mtoro atasema ameacha tu. Kweli, wapo watakaosema hivyo. Ndiyo maana mimi hutazama mikono ya mtu baada ya kuacha: imeshika kitu kingine, au imekunjwa?

Mwenzetu mmoja aliacha uhandisi akiwa mwaka wa tatu, mama yake alipougua. Darasani wengi walisema ameshindwa. Leo ana kibanda cha kutengeneza simu, na humo ndimo inamotoka karo ya wadogo zake wawili. Vitabu vyake vya hesabu viko chini ya meza, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni visiingie vumbi.