Sitara na Ghushi: Funzo la Ubao Uliooza



Ndugu zangu wanafunzi, swali ninalolileta safari hii lilinipata nikiwa na bisibisi mkononi. Dini yetu inatufundisha kusitiri aibu za wenzetu, na anayemsitiri Muislamu ameahidiwa kusitiriwa na Allah (s.w.) Siku ya Kiyama. Dini hiyo hiyo inatukataza kuficha kasoro ya kitu tunachouza. Kote kuwili ni kufunika. Basi ni wapi sitara inapokwisha na ghushi kuanza?

Nimekulia Dzaleka, wilayani Dowa, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Baba yangu mdogo ni seremala. Kabla vita havijatutoa Kongo alikuwa akiunda maboti ya mbao Baraka, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hapa kambini anaunda vitanda na milango. Tangu mwaka 2023, serikali ilipowarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, kazi ya Lilongwe imekuwa adimu, na ya kuitafutia kibali. Kwa hiyo bwana mmoja wa Lilongwe alipotuita wakati wa likizo, tulimshukuru Mola. Ada yangu ya muhula ilikuwa haijatimia, na fedha za kazi ile zingeitimiza.

Ilikuwa boti ya tanga ya zamani, ganda lake la faiba, imewekwa juu ya trela uani. Mwenyewe alikuwa akiitumia Ziwa Malawi, upande wa Salima, na sasa amempata mnunuzi. Alitaka tuisugue msasa ndani, tupake rangi, tung'arishe mbao.

Baba mdogo hapaki rangi kabla hajagonga. Alipita na mpini wa nyundo, akigonga na kusikiliza. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu. Alipofika kwenye kiwambaza cha katikati sauti ilikufa, kama mtu anayegonga gunia. Akaniambia, "Chomeka bisibisi hapo." Nikachomeka chini ya varnishi iliyokuwa iking'aa, ikazama hadi kwenye mpini bila nguvu yoyote. Nilipoitoa, ilikuja na unga mweusi wenye maji.

Kwa asiyejua boti, kiwambaza ni ukuta wa mbao unaokata chombo kwa ndani, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Ukiuangalia utadhani ni wa kutenga chumba tu, lakini katika boti ile mlingoti ulisimama juu ya sitaha, na uzito wake ulishuka kwenye kiwambaza kile. Waya za chuma zinazoushikilia mlingoti zilifungwa kwa bolti kwenye kiwambaza hicho hicho. Upepo ukijaza tanga, waya za upande mmoja huvuta juu, mlingoti hukandamiza chini, na ubao uliojificha nyuma ya makabati ndio unaobeba yote.

Uozo uliingia polepole. Mafundi wa vyombo wanajua kuwa maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Pale vyuma vinapopenya sitaha palikuwa na ufa mwembamba. Tone la mvua liliingia, likanywewa na ukingo wa plaiwudi ambao haukuzibwa, na kuvu wakapata unyevu wanaoutaka. Juu varnishi ikaendelea kung'aa.

Tulikata tundu la kadiri ya kiganja ili tuone uozo ulifika wapi. Ulikuwa umefika chini kabisa. Baba mdogo akamweleza mwenye boti dawa yake: kuushusha mlingoti, kuukata ubao wote utoke, kuchukua kiolezo kwa katoni, kukata plaiwudi mpya ya baharini, kuziba kingo zake zote kwa gundi ya epoksi, kuufunga ubavuni kwa vitambaa vya faiba, na mwisho kuziba ule ufa wa juu, maana bila hivyo ubao mpya nao utaoza. Ni kazi ya wiki mbili au zaidi.

Yule bwana akatikisa kichwa. "Fundi, mimi nauza wiki ijayo. Bandika ubao mwembamba juu yake, paka rangi. Malipo ni yale yale, na nitaongeza kidogo."

Nakiri kuwa mimi nilitaka tukubali, na nilikuwa na hoja tatu. Ya kwanza: sisi ni vibarua, muuzaji ni yeye, dhambi ni yake. Ya pili: tuna dhiki. Ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa: tumeamrishwa kusitiri, na huyu bwana anatuomba tumsitiri.

Baba mdogo hakunijibu kwa hoja. Aliniuliza, "Mwezi wa saba mwera ukivuma huko ziwani, nani atakuwa ameketi chini ya mlingoti huu?"

Tangu siku ile nimelifikiria swali lake, na naona ndilo linalotenga sitara na ghushi. Aibu inayositiriwa ni ile ambayo uzito wake anaubeba mwenyewe: alikosea, akatubu, jambo ni baina yake na Mola wake. Lakini kuna kasoro ambayo mtu mwingine ataiegemea bila kujua. Hiyo si siri ya mwenyewe tena, kwa sababu wa kuanguka ni mwingine. Ukiifunika, umemvua mnunuzi haki ya kujua anakanyaga wapi, hata kama umemsitiri muuzaji.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye fungu la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali alisema ni mvua iliyonyesha. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Maji kuingia kwenye boti ile lilikuwa jambo la mvua. Kubandika ubao juu yake kungekuwa jambo letu.

Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf, na humo mna jahazi la maskini lililotobolewa na Khidhri, Nabii Musa (a.s.) akastaajabu. Sababu inabainishwa baadaye: mbele yao palikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Kasoro iliyoonekana kwa macho ililiokoa jahazi na riziki ya wenyewe. Sisi tuliombwa kinyume chake, kufanya kibovu kionekane kizima. Na hoja yangu ya ukibarua inavunjwa na hadithi ya watu wa jahazi moja, ambamo walio chini wanataka kutoboa sehemu yao wapate maji. Wa juu wasipowashika mikono, wanazama wote.

Ndugu msomaji, usidhani kipimo hiki ni cha mbao tu. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilificha kuwa natoka kambini. Nilisema natoka "Dowa", nikanyamaza. Niliwahi kujiuliza kama nami naghushi. Leo nasema hapana, kwa kuwa hakuna aliyeegemea jambo lile akaanguka. Lakini mwenzetu wa uuguzi anayenakili majibu ya mtihani wa vipimo vya dawa, kuna mgonjwa atalala chini ya mkono wake. Anayesomea uhandisi na kununua ripoti yake, kuna watu watavuka daraja lake. Na mweka hazina wa jumuiya anayefunika pengo la michango kwa hesabu nzuri, tukimnyamazia tukisema tunamsitiri ndugu yetu, tujiulize ni nani aliyeegemea fedha zile.

Baba mdogo alikataa kulifunika tundu. Alimwambia yule bwana kwa adabu: "Bosi, nikitengeneza nitatengeneza. Kulifunika siwezi." Akajitolea kupunguza ujira wake ili ubao ubadilishwe. Bwana hakutaka. Alitulipa ya siku moja, tukapanda basi la kurudi Dowa tukiwa kimya. Ada yangu ilichelewa, na muhula ule nilianza nikiwa nyuma ya wenzangu kwa wiki tatu.

Sijui kama alipata fundi mwingine wa kubandika ubao. Hilo bado linanisumbua, kwani mnunuzi hatukumjua, na hadithi ya jahazi haisemi kuwa inatosha kuuzuia mkono wako peke yake. Ninachojua ni kwamba tulipoondoka, tundu lile lilikuwa wazi, na yeyote aliyeingiza kichwa angeliona.

Allah (s.w.) atusitirie aibu zetu, na atujaalie tusiwe uozo chini ya miguu ya wengine. Wallahu a'lam.